Hema la Maua ya Zambarau

Alhamisi, 8 Agosti

Hema limekamilika. Nimelishona kwa mabaki ya mapazia ya wateja: krimu, maua ya zambarau, marinda chini. Pande zake zinaning'inia kwenye vyuma vya pazia. Ukivuta kamba moja tu, hema zima linafunguka. Fundi mapazia gani mwingine ana kichwa kama hiki?

Kesho tunakwenda kupiga kambi msituni, karibu na ufukwe wa ziwa, tulale mpaka Jumatatu. Shemeji, kaka wa mke wangu, anakuja pia, na hema la dukani. Kazi yake ni kufundisha watu udereva, na hata kijiko anakipeleka mdomoni kwa kufuata alama za barabarani.

Binti yetu Kifungo ana miaka saba. Leo ametangaza mezani kwamba atalala kwa mjomba wake. Mjomba ndiye aliyemfundisha baiskeli. Ile ilikuwa kazi yangu, ila siku hiyo nilikuwa na mapazia ya watu kwenye cherehani. Imeniuma, na sitaki kujidanganya. Nimeapa: kabla hatujarudi, mtoto huyu atalala kwenye hema langu, hata usiku mmoja.

Ijumaa, 9 Agosti

Gari halifiki kambini! Unaliacha getini, kila kitu unakibeba mwenyewe kwa miguu kupitia msituni. Mama Kifungo anasema aliniambia mara mbili. Labda cherehani ilikuwa inapiga kelele.

Vyuma vya pazia ni vizito. Leo nimeelewa kwa nini hema linaitwa hema: ukilibeba, unahema. Nilimweleza Shemeji jambo hilo tulipokuwa njiani. Akasema ni kweli, wala hakuwa anahema.

Tulipofika alirusha hema lake juu, likatua limeshasimama. Langu lilichukua alasiri yote. Mlango umeelekea shina la mti, kwa hiyo kuingia ni kwa ubavu. Kifungo aliingia, akayasifu maua, akasema humu mnanukia kama karakana yangu. Kisha akaniaga vizuri, akaenda kwa mjomba wake. Mama Kifungo amebaki na mimi. Anasema aliapa mbele za watu siku ya harusi, hana ujanja.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeamka na mpango. Nilichonga kiazi umbo la unyayo wa mnyama, mnyama gani sikuamua, nikapiga chapa kwenye mchanga kulizunguka hema la Shemeji. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mtoto ataogopa, atakimbilia kwa baba yake.

Wa kwanza kuziona nyayo hizo hakuwa mtoto. Alikuwa mama mmoja wa hema la jirani, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa. Mlinzi wa kambi akaja, akachutama, akapima kwa vidole, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho tangu aanze kazi. Akafunga ufukwe mpaka achunguze. Kambi nzima ikashinda juani ikiyatazama maji kwa mbali. Na mimi nikiwemo, na kaptula yangu mpya ya kuogelea. Nilitaka kusema ukweli, lakini watu walikuwa wamekasirika mno.

Jioni Kifungo alibaki palepale kwa mjomba wake. Mama Kifungo naye akahamia huko, akaniambia kiapo cha harusi hakikutaja wanyama. Nikalala peke yangu na mnyama niliyemtengeneza mwenyewe. Nilimsikia akipita mara mbili.

Jumapili, 11 Agosti

Mlinzi amefungua ufukwe. Amesema mnyama huyo ana mguu mmoja tu, kwa hiyo hawezi kufika mbali.

Sikukata tamaa. Nikalihamishia hema langu kando ya mchanga, watoto wanapocheza, nikamwonyesha Kifungo ile kamba. Alivuta, likafunguka. Alivuta tena, likajifunga. Akacheka mpaka akakaa chini. Watoto wa watu wakapanga foleni kuvuta, na Shemeji amesimama pembeni na hema lake lisilo na kamba. Raha niliyoipata haielezeki.

Nikaingia ndani kubadilisha kaptula. Hapo ndipo Kifungo alipovuta tena.

Ufukwe mzima ulinyamaza, kisha haukunyamaza. Nikaikamata kamba niivute upande wangu, vyuma vikachomoka, hema likaniangukia lote na marinda yake. Nikamaliza kuvaa, nikajilaza humohumo. Niliamua kuishi humo.

Shemeji alikuja kusaidia kulisimamisha. Nikamsikia Kifungo akimwambia aliache hivyohivyo, yeye atalala hapa leo. Mjomba akamuuliza kama haogopi yule mnyama. Akajibu kwamba mjomba haogopi kitu, mama haogopi kitu, ila baba anaogopa, na si vizuri mtu anayeogopa alale peke yake.

Usiku ulipoingia akatambaa chini ya kitambaa, akajilaza kifuani pangu. Akalala papo hapo. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka.

Jumatatu, 12 Agosti

Ushindi! Nimerudi getini nikiwa nimebeba vyuma vyote na sikuhema sana. Nimemweleza Mama Kifungo kilichomvuta mtoto: maua ya zambarau. Ameniomba niangalie njia. Mwakani nitashona hema la ghorofa.

Jambo moja tu. Ndani ya gari Shemeji amesema Jumamosi atamfundisha Kifungo kuogelea. Nimeharakisha kujibu kwamba nitamfundisha mimi. Sijui kuogelea, lakini karakanani nina sponji za makochi za kutosha kushona boya, na zipu.