Tekno Kwenye Godauni la Chai

Jumatatu, 1 Septemba

Simiti tangu asubuhi. Mgongo si wangu tena, ni wa kampuni. Nimeoga mara mbili na bado nikipiga chafya ukuta unapata rangi.

Habari kubwa. Bwana Abdulaziz, nyapara wetu, ametuambia godauni la nyuma, lile lililokuwa la majani ya chai na sasa ni la popo, limekodishwa kwa Jumapili ijayo. Si harusi, si mkutano wa injili. Ni vijana wa muziki uitwao tekno. Muziki wa mashine, hauna maneno, na ni wa siri. Hakuna bango barabarani, watu wanaambiana kwa simu tu. Utaanza mchana milango ikiwa imefungwa na utaisha kabla ya magharibi, maana msikiti uko karibu na Bwana Abdulaziz hataki maneno na imamu. Genge letu litabeba spika.

Hayo tuliyazungumza kwa Fancy. Fancy ni mwanamke wa Bomet anayeuza chai na mahamri langoni petu, na ndiye sababu sijawahi kuchelewa kazini. Leo na yeye alikuwa na lake. Shangazi yake amempatia mchumba huko kwao. Mwalimu, ana ng'ombe wa maziwa na nyumba ya mawe. Anangoja jibu Jumatatu ijayo. Fancy anasema hana ubaya naye, ila kila akipiga simu anamweleza habari za nyasi. Yeye angependa mtu mwenye kitu ndani yake kinachopiga kelele kidogo.

Papo hapo Ngumbao akasema yeye hupiga kayamba. Ngumbao ni kuli mwenzangu, Mgiriama wa Ganze, kijana, meno yote. Kabla sijafikiri, nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Jumapili mimi nitatumbuiza kwenye tekno.

Fancy akanitazama. Hajawahi kunitazama hivyo tangu nianze kunywa chai yake. Akaniongezea hamri bila kuombwa.

Nalala sasa. Itabidi nitumbuize.

Jumanne, 2 Septemba

Wasanii wamekuja kuliona godauni. Lynnette ametoka Nairobi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, amevaa viatu vya jeshi katika joto hili la Changamwe. Ndiye mwenye mashine. Mwenzake ni Rashad, mtu wa Junda, mpole, anatembea na kinasa sauti akirekodi vitu: mnyororo wa lango, winchi, ndege zikishuka kule Airport. Anasema humo ndimo anamotoa muziki wake. Kama ni hivyo, mimi nimekaa ndani ya muziki miaka yote hii na hakuna aliyeniambia.

Rashad akaniamkia shikamoo. Mimi! Arobaini sijafika! Nikaitikia marahaba, na Fancy alikuwa anasikia.

Nikamvuta Lynnette kando, nikamwambia mimi ni mpiga nyatiti, kinubi cha kwetu Ujaluoni, nimerithi kwa babu. Babu kweli alipiga. Alipiga peke yake, kwa sababu watu walihamisha viti. Lynnette akafurahi sana. Anasema amekuwa akitafuta nyatiti ya kuingiza kwenye mashine yake. Akauliza kama ninaweza kupiga saa nzima bila kupumzika. Nikamwambia kwetu saa nzima ni kukaza nyuzi tu, hatujaanza.

Alhamisi niende nayo wanisikie. Sina nyatiti. Sijawahi kushika nyatiti. Lakini najua karai liko wapi.

Jumatano, 3 Septemba

Nyatiti imezaliwa! Karai la zege, mbao za paleti, ngozi ya mbuzi ya kuomba kwa muuza nyama wa Magongo, na mshipi wa kuvulia niliouagiza Likoni. Nyuzi nane, kama inavyotakiwa. Zimebaki tano. Moja ilikatika ikanichapa mdomo, umevimba upande.

Ngozi haijakauka vizuri. Paka wa ploti nzima wamelala mlangoni kwangu.

Bi Rahima, mwenye nyumba, alikuja kuuliza, kwa adabu zake zote, kama kuna mgonjwa ndani. Nikamwambia ni mazoezi. Akasema nitapona, inshallah.

Ngumbao naye akapita, akataka kujua mtego huo ni wa kaa au wa panya. Wivu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nilipiga. Nilifumba macho, kwa sababu nimeona wapigaji hufumba macho. Nilipofumbua, Lynnette alikuwa anaangalia viatu vyake. Alisema taratibu kwamba inasikika kama mlango.

"Ami, usivunjike moyo," Rashad akaniambia. "Mlango nao una sauti yake."

Akairekodi, maskini. Uzi mwingine ukakatika, nyatiti ikabingirika, ikalala kifudifudi, na nyuma yake jina la kampuni likaonekana kwa rangi nyekundu. Bwana Abdulaziz akalitambua karai lake. Limerudi stoo. Ngozi wamechukua paka.

Si hayo tu. Ngumbao alikuwa amesimama pale na kayamba mkononi, eti anapita tu. Nani anapita tu na kayamba? Lynnette akaiwasha mashine kidogo, Ngumbao akatikisa, vikaingiana kama mguu na kandambili. Jumapili atapanda jukwaani. Mimi nitabeba spika.

Nilikwenda kwa Fancy nikiwa tayari kumwambia ukweli. Akanionyesha viatu alivyonunua vya kuchezea. Vyekundu. Nikamwambia ni vizuri.

Jumamosi, 6 Septemba

Mpango mpya, na unaushinda ule wa kwanza. Kama siwezi kwenda jukwaani, jukwaa litakuja nilipo mimi. Katika genge mimi ndiye mpangaji: wengine wanabeba, mimi nasema kipi kikae wapi. Basi nizipange spika ziwe ukuta, na katikati ya ukuta, karibu na mashine ya Lynnette, niache nafasi ya mtu mmoja kusimama akitikisa kichwa. Fancy akiingia atamwona mtu huyo. Nani atajua kwamba hapigi chochote? Rashad alinionyesha video za tekno kwenye simu. Hata wanaopiga kweli huonekana kama mtu anayetafuta funguo alizozipoteza.

Lynnette na Rashad walikwenda Kisauni kutafuta jenereta. Spika zikaja kwa lori, kubwa kama makabati. Tukazipanga mbele ya ukuta wa mabati, kama mali inavyopangwa: midomo ndani, kwenye ukuta, migongo nje, kwa watu. Hakuna kuli wa Magongo asiyejua hilo. Gunia likitazama nje linamwaga, na likimwaga, safu nzima inakuja. Tukazibana, tukazifunga kamba kwa vifundo vyetu vya safari ndefu, tukazifunika turubai. Bwana Abdulaziz akazisukuma kwa bega, wapi! Akasema kazi kama hii hajaiona tangu enzi za korosho. Hata Ngumbao alikubali.

Wasanii wamerudi jioni mikono mitupu, jenereta itakuja kesho. Lynnette akaliona turubai, akashukuru sana kwamba tumewaza habari ya vumbi.

Nalala na furaha.

Jumapili, 7 Septemba

Mikono haikunjiki, lakini siku hii lazima niiandike.

Vijana waliingia wawili wawili kwa lango la malori, nguo nyeusi, kama watu wanaokwenda kwenye matanga ya mtu wasiyempenda. Wa Kisauni, wa Likoni, hata wa kisiwani. Jenereta ikafika godauni likiwa limejaa. Fancy alikuwa mbele kabisa na viatu vyake. Mimi nilikuwa kwenye nafasi yangu, shati langu jeusi, kichwa tayari kutikiswa.

Lynnette akavuta turubai. Akaitazama migongo ya spika. Akauliza ni nani aliyezipanga. Bwana Abdulaziz akaninyoshea kidole kwa fahari, akaanza kumsomesha habari za magunia na midomo. Lynnette hakumsikiliza. Alikuwa anapambana na kifundo. Nikaenda kumsaidia, nami kikanishinda. Tunafunga ili visifunguke mpaka lori lifike Malaba! Watu wakaanza kupiga miluzi. Rashad akasema kimya kimya kwamba matundu ya waya walau yanafikika. Lynnette akavuta pumzi, akachomeka, akawasha.

Sijui niieleze vipi. Sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka kwenye mabati. Spika zikaupiga ukuta, ukuta ukalipiga godauni, na godauni lote likawa ngoma na sisi tukiwa ndani yake. Vumbi la chai la miaka yote likashuka kutoka kwenye kenchi za paa. Jua la alasiri likapenya kwenye matundu ya misumari ya paa, likawa fimbo nyembamba za mwanga, na kila bati likitikisika fimbo zote zinacheza. Vijana wakapiga ukelele. Walidhani tumepanga! Lynnette akatazama juu, akanitazama mimi, akaongeza sauti.

Ngumbao akapanda na kayamba. Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma: alipiga vizuri. Fancy akawa anacheza mbele yake. Moyo wangu ukashuka kama gunia lililoponyoka begani.

Ndipo nikaona bati la ukuta limeachia msumari. Halafu jirani yake. Nje ya ukuta ule ni yadi ya matrela, na nilipochungulia kwenye ufa niliona madereva wameshuka wote, wanacheza pale pale chini ya ukuta. Yale mabati yangewashukia kichwani. Nikatoka mbio, nikazunguka, nikauegemeza mgongo ukutani, nikaita genge.

Na sisi mwito ni mwito. Ukiitwa unaitika, hata kama unakula, hata kama umelala. Wakaja wote. Ngumbao naye akaliacha kayamba jukwaani, akaja. Kumtoa jukwaani sikupanga. Lakini sikulia.

Tukaweka migongo sote. Mimi naita, wao wanaitika, ili nguvu isiachane.

"Usiachie!"

"Hatuachii!"

Rashad alikuwa amenifuata na maikrofoni yenye waya mrefu, sikumwona. Nikashtukia sauti yangu inatoka kwenye ukuta nilioegemea, inanipiga mgongoni, kubwa, tamu, kama ya mtu aliyekula vizuri. Mapigo ya mashine yakapunguza mwendo, yakanifuata mimi. Nikaita tena. Safari hii waliitika walioko ndani, mamia ya watu, na madereva wakaitika, na mabati yakaitika. Hatuachii! Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Nimefanya kazi Mombasa tangu nina nywele nyingi, nikiwaitia watu walibebe gunia la mtu mwingine, na leo wameniitikia bure.

Fancy akatoka nje kutafuta sauti inakotoka. Akasimama mbele yangu, viatu vyekundu, uso mzima rangi ya chai ya maziwa. Hakucheza. Alisikiliza tu.

Tulishikilia mpaka Rashad aliporudi ndani akazima kila kitu, kabla ya adhana ya magharibi. Hakuna aliyeumia. Lynnette akaja kunishika mkono, akarudi kupambana na vifundo vyake.

Fancy akaniuliza nyatiti yangu iko wapi. Hapo ndipo ningesema ukweli, na nilikuwa nimechoka vya kutosha kuusema. Nikamwambia chumvi ya bahari imeharibu nyuzi.

"Ngumbao alinieleza habari za karai," akasema.

Nikajidai nakung'uta vumbi la chai kwenye shati. Kisha akaniomba nimbebee benchi lake, alilowaazima wasanii, nilirudishe kwenye kibanda. Nililibeba kama mayai.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo ni sukari, afadhali. Bwana Abdulaziz ameamua kwamba mabati yote yaliyolegea nitayapigilia mimi, jioni baada ya kazi, mpaka yaishe.

Fancy alimpigia shangazi yake simu tukiwa pale pale kwenye chai. Alizungumza kwa lugha yao. Sikuelewa. Ngumbao hakuelewa. Tukawa tunatazamana kama ndugu. Simu ilikuwa ndefu, na mara mbili alicheka, jambo ambalo halikunisaidia. Alipomaliza akaiweka simu mezani, akanimiminia chai.

"Nimemkataa mwalimu," akasema. "Sijakukubali wewe. Usiyachanganye."

Nikasema siyachanganyi. Chai ikanimwagikia, hata haikuniunguza.

Akasema Jumapili atafunga mapema, anataka kuvuka kwenda Likoni kupunga upepo, na nikipenda nimsindikize. Lakini kwa sharti moja. Nisimdanganye tena, hata kwa jambo dogo, kwa sababu ile sauti ya jana haikuwa na uongo ndani yake na ndiyo aliyoipenda. Nikaapa. Nilimtaja mama yangu aliye Ugenya. Na nilimaanisha, wallahi, kama Bwana Abdulaziz anavyosema.

Kisha akasema, kwa kupitisha maneno tu, kwamba Lynnette ana tekno nyingine mwezi ujao, huko huko Likoni. Akauliza kama nitakwenda kuita tena. Ilitosha niseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini Ngumbao akadakia kwamba yeye ameshaalikwa, jina lake litakuwa la kwanza.

Nikasema mimi siendi kuita. Mimi Lynnette amenipa mashine yenyewe, ile ya waya nyingi na taa nyekundu, kwa kuwa ameona ninaielewa.

Fancy akaweka birika chini. Akauliza polepole kama hilo ni kweli.

Nikamwambia kweli tupu.

Nimemtumia Rashad ujumbe kumwuliza ile mashine inaitwaje. Akijibu nitamwuliza inawashwa wapi.