Urani Chini ya Jiko Letu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeazima kipima mionzi cha kazini. Sijaiba! Nimeazima, ila wenyewe hawajaambiwa. Mimi ndiye dereva wa wajiolojia wanaotafuta urani kwenye miamba ya mchanga. Nimeazima na kijiwe chao kimoja chenye urani, nimekitia kwenye mfuko wa shati ili mashine izoee inachotafuta, kama mbwa anavyonusishwa soksi ya mwizi. Nimeingia jikoni kwetu: krrrr! Kumbe tumekalia utajiri!

Jumanne, 4 Machi

Nimebomoa sakafu ya jiko. Mke wangu kaja juu. Eti mashine inapigia kelele kijiwe changu. Hajasoma jiolojia. Mimi pia sijasoma, lakini naendesha gari la waliosoma! Jirani yetu seremala kachungulia, kauliza kama nachimba choo. Hasidi mkubwa. Nimefika kiunoni, mchanga mtupu. Sirudi nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya asubuhi. Shimo limejaa maji. Mke wangu anapikia barazani. Jua lilipotoka kafua shati langu, kalianika kwenye ua wa seremala, maana kwetu kumejaa udongo wa shimo. Kijiwe kakirudisha mfukoni, hataki kukiona ndani.

Nimepima shimo: kimya! Kiwanja kizima: kimya! Nimefika kwenye ua wa seremala: krrrr! Nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka maneno ya mkuu wa wajiolojia garini: urani husafiri na maji ndani ya mawe ya mchanga, hunasa palipo na miti iliyooza. Na kwa seremala mbao zilizooza zimejaa tele. Madini yamehama na mvua!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwomba seremala tubadilishane nyumba. Yangu vyumba vitatu na bati jipya, yake viwili na mchwa. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mjinga! Tumetia sahihi mbele ya mashahidi. Mke wangu amesema ile nyumba tuliijenga wote, tofali kwa tofali, akabeba begi akaenda kwa mama yake. Imeniuma, sifichi. Lakini atanishukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Nimehamia. Nimeanua shati langu la bahati, nimelivaa, kijiwe kimo mfukoni. Sebuleni: krrrr! Chumbani: krrrr! Hata chooni! Nimempigia mke wangu arudi ajionee. Amesema nivue shati kwanza, ndipo nipime.

Sivui ng'o! Sululu iko mkononi, naanzia sebuleni.