Milioni Tatu za Kila Mtu

Octavian alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, kibandani kwa kinyozi Kasimiri mtaa wa Isevya, redio iliposema kwamba pato la kila Mtanzania kwa mwaka limefikia wastani wa shilingi milioni tatu. Kasimiri akazima mashine.

"Milioni tatu? Za kwangu kachukua nani?"

Wateja wakacheka. Octavian hakucheka. Huyu ndiye aliyewauzia watu wa Igunga bima ya ng'ombe waliokwisha kufa, na fursa akiiona huijua. Akamaliza kunyolewa, akaazima koti la suti, na Jumatatu asubuhi akaketi karibu na stesheni ya reli akiwa na meza, mhuri na bango: USAJILI WA MALIMBIKIZO YA PATO LA TAIFA.

"Pesa zenu zipo, ndugu zangu. Kosa lenu hamkujiandikisha. Fomu elfu tano tu."

Kasimiri alikuwa wa kwanza kulipa. "Zitatoka lini?"

"Huko juu wanazihesabu kwa dola, kaka. Tunasubiri dola ipande. Shilingi ikianguka, wewe unasimama."

Kasimiri, ambaye miaka yote aliilaani shilingi kwa kuanguka na kumpandishia bei ya nyembe, akaondoka akiiombea ianguke.

Kufikia Alhamisi fomu mia na arobaini zilikuwa zimekwenda. Wenye shaka nao hawakukosekana, na ili kuwatuliza Octavian akasema yeye mwenyewe ameshapokea.

"Ngapi?"

"Milioni kumi na mbili," akajibu, kwa kuwa ilikuwa tamu kuitamka.

Ijumaa foleni ikampisha Mwalimu Asnath, mstaafu wa hesabu, aliyeifundisha nusu ya Isevya kugawanya na nusu nyingine kuogopa kugawanya.

"Shikamoo, mwalimu," Octavian akainuka.

"Marahaba. Nasikia umepokea kumi na mbili."

"Mungu ni mwema."

"Na redio ilisema wastani ni tatu." Akawageukia watu. "Wastani ni mafungu yote kuchanganywa, kisha kugawanywa sawasawa. Huyu akiwa na kumi na mbili, na wastani ni tatu, wako wangapi wasiopata hata senti?"

Kasimiri akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Watatu!"

"Vizuri. Nani hapa hakupata?"

Foleni nzima ikanyoosha mikono.

Katika miaka kumi na minane ya utapeli, Octavian alishakwepa polisi, wenye nyumba na wake wawili. Hesabu ya darasa la sita hakuitarajia.

"Kwa hiyo milioni tisa ni zetu!" akapaza sauti Kasimiri.

"Na tangu apokee, dola imepanda!" akadakia Koleta muuza vitumbua. "Atulipe na tofauti!"

Hapo Octavian akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini: akasema kweli.

"Jamani, sijapokea kitu! Mimi ni tapeli!"

"Wenye nacho ndivyo wanavyosema," Kasimiri akatikisa kichwa.

"Naapa! Hata koti hili nimeazima!"

"Mwone anavyojua kujifanya maskini," akasema Koleta kwa heshima kidogo.

Wakachukua mkoba wake wa pesa, kila mtu akarudishiwa elfu tano yake. Ikafuata simu, saa, meza na viatu, vyote vikanadiwa kwa utaratibu mzuri, mwalimu akisimamia mstari. Kwa deni lililobaki Octavian akatia sahihi na kugonga mhuri wake mwenyewe.

Saa nane mchana Mwalimu Asnath alimkuta stendi ya mabasi, amesimama na soksi tu. Akamkatia tiketi ya Nzega.

"Mwalimu," Octavian akasema kwa sauti ya chini, "wewe ulijua mimi mwongo."

"Tangu Jumatatu."

"Sasa mbona hukuwaambia hayo mamilioni hayapo?"

Mwalimu akafunga pochi yake taratibu.

"Kwa sababu yapo, mwanangu. Hesabu ya redio haina kosa, nimeirudia mara mbili. Ningewaambia kwamba yapo, wangeniuliza yako kwa nani. Nimefundisha miaka thelathini na sita, na kulijibu swali hilo hadharani kungenipeleka hata mimi Nzega bila viatu."