Matope kwa Watu wa Sur

Jumamosi, 1 Oktoba 1983. Nizwa, Omani.
Kura ya Kombe la Taifa la hoki imetoka. Tumepangiwa timu ya Sur, mji wa pwani, hapa kwetu, Alhamisi alasiri. Kombe la mtoano: ukifungwa mara moja, kwaheri. Kamati nayo imeongeza neno lake. Tukifungwa, ukapteni wangu anapewa Hashil. Hashil! Kajua kushika gongo juzi, leo ananiita mzee mbele za watu.
Watu wa Sur wepesi kama panzi. Sisi makarani. Kwa mbio hatuwawezi. Kwa akili, labda.

Jumapili, 2 Oktoba.
Akili imenijia nikitia udhu. Maji! Matope humfanya mwepesi mzito. Mzito hana cha kupoteza. Nakumbuka uwanja wa skuli yetu Unguja: mvua ya siku moja, wiki nzima tunatembea kama bata.
Nimekwenda kwa Ami Marzouq, mwenye shamba la mitende nyuma ya uwanja. Nimemwomba zamu yake ya kesho ya maji ya falaji, mfereji ambao wenye mashamba wote hugawana kwa zamu. Nikasema ni ya kulaza vumbi, kwa heshima ya wageni. Akaguswa, maskini. Akasema mitende itasubiri, mgeni hasubiri.

Jumatatu, 3 Oktoba.
Nimeomba ruhusa kazini. Tumbo. Asubuhi nimefungulia maji, adhuhuri uwanja ziwa. Kiatu changu cha kushoto kimebaki humo. Raha isiyo kifani! Hashil kapita, kauliza kama nalima mpunga. Nikamjibu aandae viganja vya kunipigia makofi.

Jumatano, 5 Oktoba.
Jana sikutoka, mkuu wa ofisi anakaa njia ya uwanjani, na tumbo lilitakiwa liendelee kuuma. Leo nimekwenda kutazama matope yangu. Hakuna! Jua la Nizwa si jua la Unguja. Uwanja umekauka, mgumu, tambarare kama sakafu ya msikiti. Vumbi limelala. Kokoto zote zimezama. Mpira ukiugusa tu, unakwenda wenyewe.
Nikakimbilia kwa Ami Marzouq kuomba maji tena. Kasema zamu yake inarudi wiki ijayo. Nikalia dharura.
“Mwanangu,” akasema, “falaji haina dharura.”

Alhamisi, 6 Oktoba.
Saba bila. Mpira ulipita kama umepakwa samli. Golikipa wetu, Harub, mwisho alikuwa akiusindikiza kwa macho.
Kapteni wa Sur, Zuhair, akaja kunipa mkono. Mpole, na hilo ndilo linalouma. “Shekhe wangu, tangu tuanze hoki hatujapata uwanja kama huu. Nani fundi wake?”
Hashil akanitangulia. “Huyu hapa. Yeye kalima, nyinyi mmevuna.”

Ijumaa, 7 Oktoba.
Kamati imekutana baada ya sala. Hashil kapteni. Mimi nimeteuliwa msimamizi wa uwanja, kwa kazi nzuri. Nimekubali kwa unyenyekevu.
Kosa nimeshaligundua: maji hukauka. Mwakani, mchanga! Malori mawili ya mchanga wa wadi, ule mto mkavu; ninaye rafiki mwenye karakana Firq. Mchanga umeshakauka, jua litaufanya nini tena? Mtu wa Sur akiingia humo, mbio kwisha.
Dada yangu Khole kauliza, ati watu wa Sur si ndio wanaofanya mazoezi ufukweni, mchangani, kila jioni? Nimemwambia hoki ina wenyewe.
Nimerudi kuupima uwanja. Malori matatu.