Uzinduzi wa Jumba la Usingizi wa Mchana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Makamu wa Makamu ambaye hakuweza kufika lakini koti lake lipo kwenye kiti, Mwalimu Mkuu, wazazi wetu wapendwa, mabibi na mabwana, na nyinyi watahiniwa mlionisubiri juani tangu saa kumi na mbili asubuhi mkifanyia mazoezi ule wimbo wenye jina langu: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Nilipoteuliwa kuwa Mratibu Mkuu wa Mapumziko ya Wanafunzi, watu walinicheka. Hata mama mkwe wangu alinicheka, tena mbele ya wageni! (Kicheko. Mama mkwe anacheka tena.) Nikajifungia ofisini, nikafanya utafiti wa kina, mimi mwenyewe, juu ya kochi, kila siku baada ya chakula cha mchana, miaka minne mfululizo, nikathibitisha kisayansi kwamba mwanafunzi akisoma asilale, yale aliyosoma hayakai kichwani, lakini akijilaza kidogo tu, ubongo unayapanga yote kama nguo kabatini. Na takwimu ninazo! Asilimia sabini na tatu nukta nne ya wanafunzi waliolala walikutwa wamefumba macho! (Makofi mazito.) Hao waliobaki tunaendelea kuwafuatilia.

Mwalimu Mkuu, usimwamshe huyo binti wa mstari wa mbele. Mwache! Huyo ameshaanza utekelezaji. (Vicheko. Binti anakoroma.)

Kwa hiyo, kwa kuzingatia mpango mkakati, tathmini shirikishi na semina elekezi saba kuhusu ulaini wa mito ya kulalia, nazindua rasmi jumba hili la kisasa lililo nyuma yangu, lenye vitanda mia mbili, mapazia mazito, na mtaalamu wa kubembeleza mwenye shahada mbili! (Vigelegele. Wapishi wanagonga masufuria.)

Naona mkono. Sema, mwanangu.

(Msichana anasimama: “Shikamoo, mheshimiwa. Mtihani wa hesabu ni saa nane, na sasa ni saa saba. Wiki nzima hatujalala vizuri, mimi hata namba naziona mbilimbili. Tunaomba tuingie tulale, dakika ishirini tu.”)

Marahaba! Hilo ndilo swali la kiongozi wa kesho! Ombi lako limepokelewa, litachakatwa, na utajibiwa kwa maandishi ndani ya miaka mitatu. (Makofi ya walimu.)

Lala! (Ufaulu!) Sinzia! (Ushinde!) Koroma! (Kwa maendeleo!)

Mwisho kabisa, namshukuru kwa dhati fundi rangi, aliyefanya kazi tangu asubuhi bila kupumzika akatuchorea ukutani mlango huu, madirisha haya manne na yule mwanafunzi anayetabasamu kitandani. (Msichana ameshafika ukutani. Anatafuta kitasa.) Asanteni sana, kila la heri kwenye hesabu, na wewe mwanangu, toa mkono hapo, rangi bado mbichi.