Mafuta ni Mafuta

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimemwona mwanangu akishuka mlima na pikipiki yake. Kumbe ndivyo anavyoendesha! Nilikuwa dukani nanunua sabuni, kitu kikapita vuuu, vumbi likaniingia mpaka kinywani. Muuza duka akaniuliza huyo si kitindamimba wangu. Sabuni ikaniponyoka. Roho nayo. Binti niliyemlea kwa kumfunika shuka mpaka puani, leo anapita mtaani kama jiwe la manati!

Aliporudi nikamwomba apunguze mwendo. Akasema atapunguza. Nami zahanati huwa nawaambia nimepunguza chumvi.

Nikakaa nikafikiri. Shule niliiacha njiani, lakini jikoni nimehitimu. Uji mwepesi hukimbia. Uji mzito hujivuta, pu, pu, pu. Pikipiki nayo inakunywa mafuta. Yakiwa mazito itajivuta. Mtoto atajivuta. Na mimi nitapata usingizi.

Alipoingia kuoga nikachukua kopo langu jipya la mafuta ya mgando, yale ya kupaka watoto wachanga. Nikalichovya kopo kwenye maji ya moto, yakayeyuka. Mafuta ni mafuta! Nikafungua ule mfuniko wa injini wenye kijiti cha kupimia oili. Funeli sina. Nikachukua kile kinailoni cha duara kinachofunika mafuta ndani ya kopo, chenye picha ya mtoto anacheka, nikakikunja kikawa funeli. Yakashuka vizuri kama maziwa.

Halafu na funeli ikashuka.

Yalaa! Mtoto yumo ndani ya injini!

Nikachungulia. Giza. Nikatikisa. Kimya. Nikafunga, nikafuta kwa kanga. Nimelea watoto watano. Walimeza vifungo, mbegu, hata shanga za bibi yao. Kilichomezwa hutoka. Ni kungoja tu.

Jumanne, 5 Agosti

Hakijatoka.

Asubuhi pikipiki iliwaka kwa kununa, ikaondoka taratibu. Nikashangilia kimoyomoyo. Kumbe furaha ya fisi! Hata jua halijapanda vizuri, mwanangu huyo anaisukuma kurudi nyumbani, jasho mpaka kisiginoni. Taa nyekundu ya oili imewaka. Injini, anasema, inagonga huko juu kama kuku anayedonoa bati. Nikampa pole. Nikampa maji. Nikatazama pembeni.

Ndipo akaniambia jambo ambalo angeniambia jana, jamani, angeniambia jana! Jumamosi mwenye tanuri la mikate atawajaribu waendeshaji wawili: yeye, na mpwa wa Mama Kuku, mfuga kuku wa nyumba ya pili. Mmoja ndiye atakayepeleka mikate maduka yote ya ng'ambo ya mlima. Kazi ya kudumu. Akiikosa, Jumapili anapanda basi kwenda kuishi kwa shangazi yake. Nguo tayari ameshazikunja.

Kwa shangazi! Safari ya kulala njiani! Kwa yule mwanamke anayekula mlango umefungwa!

Nimekaa chini kwenye sakafu. Nilitaka mtoto aende polepole, sasa anaondoka kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Kaja fundi. Mtaa mzima unamwita Daktari, kwa sababu ana kawaida ya kugusisha ncha ya bisibisi kwenye injini na kuweka mpini sikioni, anafumba macho, anaguna. Mimi nilijifungia jikoni. Sikutaka kuona.

Baadaye nikamsikia mwanangu barazani akiongea na mtu kwenye simu. Sauti ya huzuni. Anasema Daktari kapima, presha hakuna kabisa. Kichwani hakifiki kitu. Hapo hakuna dawa ila kupasua.

Mungu wangu! Mwezi uliopita zahanati walisema presha yangu iko juu. Leo hakuna kabisa? Asiye na presha si maiti? Nikajishika shingo. Nikasikia vitu vinadunda, lakini vya kwangu au vya jirani, sikuweza kujua. Na hilo la kichwani hakifiki kitu! Tumbo lililombeba miezi tisa, ndiyo ahsante yake hiyo!

Nikatoka nalia. Nikamwambia nimesikia yote, niko tayari kupasuliwa, ila kichwa wakiache. Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema, "Mama yangu, ni presha ya oili. Ya pikipiki!"

Akanieleza. Kumbe huko ndani kuna pampu. Inavuta oili kutoka chini, inaipitisha kwenye chujio, inaisukuma juu mpaka kichwa cha injini, ilainishe na kupoza, halafu inashuka tena. Kama damu hasa. Isipofika juu, chuma kinakula chuma. Chuma kinakula chuma! Nami nilidhani kazi ya oili ni kukaa tu, kama ndugu wa mume.

Daktari mwenyewe kachanganyikiwa. Alichomoa kijiti akitegemea oili imepungua. Imezidi! Akafungua kiboliti kidogo kichwani, akawasha injini aone kama oili inapanda. Ikapanda, tone, tone. Ghafla pakawa pakavu. Akazima. Akawasha tena. Tone, tone, pakavu. Amesema tangu aanze ufundi hajaona oili yenye haya kama hii, inachungulia wageni halafu inakimbilia chumbani.

Mimi namjua anayechungulia. Ana meno mawili na anacheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Mchana nikiwa peke yangu nimejaribu kumtoa mtoto kwa sindano ya kufumia. Nimevua lile tundu kama mtu anayevua kisimani. Nimepata weusi mpaka kwenye viwiko na hakuna kingine. Nikajaribu kuilaza pikipiki upande. Ikanilaza mimi.

Jioni Daktari akarudi, akaipima tena, akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa huenda pana mkono wa mtu. Masikio yakanisimama. Mkono wa mtu! Nikauficha wangu ndani ya kanga. Halafu wazo likanijia kama radi. Nani atafaidi pikipiki yetu ikifa? Mpwa wa Mama Kuku! Mungu anisamehe, lakini mtoto wangu hatakwenda kwa yule mla mlango umefungwa. Nikatoka njiani, nikaokota unyoya, nikauchomeka chini ya kiti cha pikipiki. Nikamwambia mwanangu, hebu angalia chini ya kiti, maana huwezi kujua.

Akaangalia. Akauona. Akanyanyuka kama moto wa petroli mpaka kwa jirani. Sikutegemea angekwenda! Nilitegemea atanung'unika tu.

Mama Kuku akaja na sauti yake yote. Mtaa ukafungua madirisha. Akaushika ule unyoya kwa vidole viwili, akaugeuza juani. Akauliza ni nani asiyejua kwamba kuku wake wote ni weupe. "Huu wa kahawia, jirani. Tena si wa kuku. Huyu ni bata!" Watu wakacheka. Akaendelea kwamba mpwa wake kifuniko cha soda tu hufunguliwa na wenzake, itakuwa injini?

Nikangoja matusi. Badala yake, salale, akashusha sauti! Akasema ushindi wa mezani hautaki. Kama pikipiki haitapona kufikia Jumamosi, mpwa wake atamwomba mwenye tanuri asubiri. Akaniwekea mayai mkononi, akaondoka.

Yaani nimemsingizia, naye kanipa mayai. Sijawahi kutukanwa vibaya namna hii.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamepasua.

Daktari kaitandaza injini uani juu ya gunia. Kwanza akatoa pampu, akaigeuza, akaipuliza. Nzima. Akalaumu gasketi. Akaitazama. Nzima. Akailaumu hali ya hewa. Mama Kuku amekuja na kigoda chake mwenyewe. Mimi nachambua mchele, mchele uleule, tangu asubuhi.

Mara Daktari akaacha kazi. Akanusa. Akanusa tena. Akasema ameshika injini za watu wa kila aina, za wauza samaki, za walevi, lakini hajawahi kukutana na injini inayonuka mtoto mchanga.

Nikainamia ungo, nikachambua kwa bidii zaidi.

Akaingiza vidole chini kabisa, akachomoa chujio. Mdomo wa chujio umezibwa na kitu cha duara. Akakibandua kwa kucha, akakifuta kwa kitambaa. Mtoto! Meno mawili! Anacheka vilevile, hajali! Daktari akapiga kelele akakiangusha. Mama Kuku akaita jina la Mungu. Injini ikiwaka, pampu inamvuta mtoto mpaka anaziba chujio, oili haipiti. Ikizimwa, analegea. Hilo ndilo lililokuwa fumbo la wiki nzima.

Wote wakanigeukia. Nikasema watoto wa siku hizi huingia popote.

Hakuna aliyecheka. Mwanangu akaja, akapiga magoti mbele ya ungo wangu. Akaushika mkono wangu, akaupeleka puani. Ni harufu niliyomlea nayo. Akaniuliza kwa nini sikumwambia tu kwamba naogopa.

Nikamwambia, "Nilikwambia, mwanangu. Ukasema utapunguza."

Akaulaza uso kwenye kiganja changu, weusi wa oili na vyote. Nilizoea kumwona mgongo tu, anaondoka. Leo nimemwona uso. Mama Kuku akaanza kupenga, akasingizia vumbi.

Daktari akamwaga oili yote, akasuuza, akatia mpya, akafunga. Akalegeza kiboliti cha kichwani, akawasha. Oili ikaruka ikamchafua shati zima. Akafurahi kama aliyepakwa marashi! Taa nyekundu ikazimika. Lakini akaonya: vyuma vimekwaruzana, injini isikimbizwe kabisa mpaka itulie. Kesho aiendeshe kama amebeba mgonjwa.

Kama amebeba mgonjwa! Mbele ya mpwa wa Mama Kuku, anayeendesha kama ameiba! Kazi tumeshaikosa. Nguo zimekunjwa. Basi linangoja. Nimempikia yale mayai yote, naye kala bila kuinua macho.

Jumamosi, 9 Agosti

Moyo wangu haujarudi mahali pake.

Mwenye tanuri aliwapa kila mmoja kreti za mikate ya moto, wazungushe ng'ambo ya mlima na kurudi nayo hapo hapo tanurini. Tukasimama kando ya barabara, mimi na Mama Kuku, tumeshikana mikono bila kupatana. Mpwa akatoka kama risasi. Mwanangu akatoka kama harusi. Mzee mmoja wa baiskeli akampita. Akampungia mkono!

Mpwa akarudi mapema, anatabasamu. Nikaanza kumwaga machozi ya basi. Mwenye tanuri akafungua kreti. Lahaula! Mikate imelaliana bapa kama ndala zilizokanyagwa na lori. Mingine haimo kabisa. Nyuma yake barabarani mbwa walikuwa wanakuja mmoja mmoja, wameshiba.

Tukangoja. Tukangoja sana. Mwishowe akatokea kitindamimba wangu, mgongo umenyooka, injini inanguruma kwa adabu. Kreti ikafunguliwa. Mikate imevimba kama mashavu. Mwenye tanuri akabonyeza mmoja kwa dole gumba. Ukashuka. Ukapanda. Akabonyeza mwingine. Ukapanda. Akasema yeye anauza mkate, hauzi mbio. Kazi ni ya binti, kwa sharti kwamba mwendo wake uwe huu huu siku zote.

Mwendo huu huu siku zote! Nilikaa chini barabarani. Mama Kuku naye akakaa, yeye kwa sababu zake. Baadaye akasema mpwa wake arudi tu kumpelekea mayai sokoni. Halafu akakumbuka kwamba mayai nayo huvunjika, akashika kichwa.

Jioni mwanangu akazikunjua nguo, akazirudisha kabatini moja moja. Nilisimama mlangoni nikihesabu mashati kama mtu anayehesabu watoto.

Hebu tuseme ukweli. Nani aliyempunguza mwendo? Si Daktari. Si mwenye tanuri. Kama si mafuta yangu, angeshuka mlima vuuu, mikate ikawa ndala. Mafuta ni mafuta! Wameshukuriwa wote leo, hata mbwa wametupiwa makombo. Mimi nimeambiwa nikae mbali na pikipiki. Nimeitikia kwa heshima.

Jumapili, 10 Agosti

Mapumziko. Mwanangu amelala kama alivyolala utotoni, mdomo wazi. Kazi inaanza kesho. Daktari kasafiri, hatarudi mpaka kesho jioni.

Niliitazama pikipiki kwa mbali, kama nilivyoahidi. Ni nzima, masikini, isipokuwa kitu kimoja ambacho wanaume wote hawa hawakukisikia. Jana alipokuwa anasimama pale tanurini, gurudumu la nyuma lililia. Kwiii! Sauti ya uchungu kabisa. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni breki tu, mama, zinashika vizuri.

Zinashika, lakini zinalia! Zimekauka. Wameipa injini oili mpya mpaka ikaruka, breki hakuna aliyezikumbuka hata kwa tone. Na mtoto atashuka nazo ule mlima kesho asubuhi, na mikate ya watu mgongoni. Nitalalaje?

Kopo langu, na mafuta yaliyobaki, wamelificha juu ya kabati. Wanadhani sifiki.

Mama Kuku ameniazima kigoda. Wala hakuuliza cha nini.