Dhambi ya Kuazima

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nimerudi kutoka kanisani na kichefuchefu. Si chakula. Ni Christella.

Mchungaji Arthur ametangaza kwamba akina mama watachagua mwenyekiti mpya tarehe 19. Amesema hatafuti mtu wa maneno mengi wala mtu wa vitenge vizuri. (Alinitazama? Nadhani alinitazama.) Anatafuta mtu anayejijua mbele za Mungu. Kisha akamtaja Christella kuwa mfano, kwa ule ushuhuda wake wa mwezi uliopita. Christella akainamisha kichwa. Anainamisha vizuri, lazima nikubali. Nywele haziharibiki.

Ushuhuda wenyewe ulikuwa hivi: ana kiburi. Basi. Dakika ishirini za kiburi na kanisa zima likalia, hata mpiga kinanda.

Mimi nina miaka sita kwenye kamati. Mapazia yote ya kanisa nimeshona mimi, yale ya zambarau. Hakuna aliyewahi kulia kwa ajili yangu.

Baada ya ibada nilimfuata Mchungaji, nikaomba nafasi ya kushuhudia Jumapili ijayo. Amenipa dakika kumi. Sasa inabidi nitafute dhambi.

Jumanne, 7 Oktoba

Duka langu la mapazia, soko la Kimironko, hapa Kigali, asubuhi bila mteja. Nilichukua daftari la vipimo, nikaandika juu ya ukurasa: Makosa Yangu. Nikajichunguza kwa uaminifu kuanzia saa tatu hadi saa tano.

Hasira ninayo, lakini watu wanakera. Uchoyo, mara moja, na yule mgeni alistahili kunyimwa. Kuchelewa ibada, kosa la dereva wa pikipiki. Nikafunga daftari. Mtu wa miaka arobaini na tisa asiye na dhambi hata moja ya kumliza mtu, atajinyenyekeza kwa lipi?

Wakati wa chakula nilimuuliza mume wangu, Ngabo, kosa langu kubwa ni lipi. Aliweka kijiko chini. Akanitazama muda mrefu, kisha akauliza kama nina nafasi mchana wote. Nikaondoa sahani.

(Ngabo hawezi kusoma shajara hii. Alikulia Uganda, Kiswahili chake ni cha kuulizia njia. Mimi nilikulia Kagera, upande wa Tanzania, ambako wazazi wetu walikimbilia. Nikiandika kwa lugha ya shuleni hakuna anayenisumbua.)

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeipata. Nilikuwa napiga pasi.

Mwaka 1991, kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana kule Kagera. Redio ya matroni iliibwa chumbani mwake. Akafukuzwa msichana mmoja, Kamikazi, Mnyarwanda kama mimi. Walimtangaza asubuhi mbele ya shule nzima, akaondoka na sanduku lake la bati kichwani. Hatukusikia habari zake tena.

Nitasema mwizi nilikuwa mimi, na mwenzangu akabeba aibu yangu.

Hakuna atakayedhurika. Matroni alishafariki. Kamikazi hajulikani alipo. Na si uongo mtupu, maana redio iliibwa kweli. Ni kama kuazima kitenge cha mtu kwa siku moja.

Tumbo limeanza kusokota tangu nilipoikumbuka hadithi hii. Nadhani ni Roho Mtakatifu anathibitisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeshuhudia. Dakika kumi na nane.

Nilipofika kwenye sanduku la bati walilia mabenchi matatu ya mbele. Nilipofika kwenye maneno "na mimi nikanyamaza", Mchungaji alivua miwani. Christella naye alilia, tena kwa sauti, lakini safari hii watu walinitazama mimi. Nilikuwa nimevaa gauni la kijivu lisilo na pambo lolote, lilinichukua siku mbili kulishona.

Halafu Mchungaji akaharibu. Alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mama Shami, toba ina miguu. Tutamtafuta huyo dada hadi apatikane."

Nikasema kwa huzuni kwamba imepita miaka thelathini na minne, haiwezekani. Kanisa likasema amina, wakimaanisha inawezekana.

Nyumbani Ngabo alifunga mlango, akaniuliza ilikuwaje tumekaa katika ndoa miaka ishirini na minne bila mimi kumwambia kwamba niliiba. Alikuwa na macho mekundu. Nikaona ni afadhali nimtulize, nikamweleza kwamba sikuiba chochote, ni ushuhuda tu.

Alikaa kitini taratibu.

"Sasa wewe umemdanganya Mungu kwamba ulikosa?"

Nikamwambia Mungu anajua, sikumdanganya Yeye.

"Connie," akasema, "heri ungeiba."

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku mbaya sokoni. Mwenye kibanda jirani aliponiona nafungua duka, aliichukua redio yake mezani akaihamishia upande wa pili. Alifanya polepole ili nisione. Niliona.

Mama mmoja wa Kibagabaga aliyekuwa aniachie funguo za nyumba yake nikapime madirisha, amesema atakuwepo mwenyewe. Siku nzima, kama nitachelewa.

Ushuhuda wangu umerekodiwa. Christella ameusambaza kwenye makundi yote ya WhatsApp aliyomo, akaandika chini yake: kwa upendo. Nimehesabu makundi tisa. Nilimpigia kumshukuru. Akasema ananiombea, na kwamba yeye asingekuwa na ujasiri wa kukiri jambo baya kiasi hicho. Nimelirudia neno hilo "kiasi hicho" mchana kutwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Saa nne asubuhi simu iliita, namba ya Tanzania.

Sauti ya mwanamke ikauliza, "Konstansia?"

Hakuna anayeniita hivyo tangu shuleni. Nikaketi juu ya robota la vitambaa.

Ni Kamikazi. Anaishi Kahama, ni mjane, anafundisha shule ya msingi. Ushuhuda umemfikia kupitia kundi la tuliosoma pamoja, ambalo sikujua lipo, wala hawajawahi kuniingiza. Alisema anakuja Jumamosi. Nikamwambia asijisumbue, safari ni ndefu, barabara mbaya. Akasema barabara ni nzuri siku hizi.

Nina wasiwasi hadi meno yanauma. Nikimwambia kwamba sikuiba, nitakuwa nimelidanganya kanisa siku nne kabla ya uchaguzi. Nikinyamaza, nitampokea kama mtu niliyemharibia maisha, na sikumharibia. Nilifikiria njia ya tatu, kuugua. Jioni nilijilaza, nikaanza kutetemeka. Ngabo akanigusa paji la uso, akasema liko baridi kama soda, akaenda kutazama mpira.

Mchungaji amepata habari. Anafurahi kama mtoto. Anataka Kamikazi aketi benchi la mbele Jumapili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika hivi hivi ilivyotokea.

Nilimpokea stendi ya mabasi ya Nyabugogo saa nane mchana. Nilimtafuta msichana mwembamba mwenye sanduku, akanigusa bega mwanamke mnene mwenye mvi na mkoba wa plastiki. Alinikumbatia. Nilikuwa nimetayarisha machozi, hayakutoka. Kwenye gari alisifu usafi wa mji, akauliza habari za Shami, mwanangu. Nikajibu maswali yote mawili kwa maneno mengi mno.

Nyumbani nilimpa chai. Ngabo alimsalimia kwa heshima kubwa, kisha akasema anaenda kuosha gari. Gari lilikuwa safi.

Nilianza maneno niliyoyapanga, kwamba kosa langu limenitesa miaka yote. Kamikazi akainua mkono, kama mwalimu.

"Acha, Konstansia. Hukuiba ile redio."

Nikamsogezea sukari.

"Aliichukua kaka yake matroni. Matroni mwenyewe aliniandikia kabla ya kufa, akaniomba radhi. Barua ninayo. Sasa nilipokusikia unalia kanisani kwamba ni wewe, nilicheka hadi wanafunzi wakaniuliza kuna nini. Halafu sikucheka tena."

Nilisema labda nilichanganya mambo, miaka ni mingi. Alikunywa chai.

"Nimekuja kukuuliza jambo jingine," akasema. "Siku ile kuna mtu alikwenda ofisini akasema ameniona nikitoka chumba cha matroni na kitu ndani ya kanga. Ndiyo maana walinifukuza bila kutafuta zaidi. Alikuwa nani?"

Nikasema sikumbuki. Nilitamka haraka sana, kabla hajamaliza kuuliza.

Akangoja. Huko nje Ngabo alikuwa anamwagia maji gari safi, nikawa nasikiliza maji hayo kwa bidii. Na wakati nasikiliza nikaiona ile ofisi. Kiti cha mbao. Kalenda ya misheni ukutani. Nikaisikia sauti yangu ikisema, ndiyo mwalimu, nimemwona, alikuwa ameficha kitu. Sikuwa nimemwona mtu yeyote. Wiki ile Kamikazi alichaguliwa kusoma Neno mbele ya askofu. Mimi ndiye niliyejiandaa. Nilikuwa nimelikariri somo zima.

Yeye akafukuzwa, mimi nikasoma. Askofu alinishika kichwa akasema nimesoma vizuri.

Nimeishi na jambo hili miaka thelathini na minne na Jumanne ile, dukani, katika saa mbili za kujichunguza, halikuja.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, wala sikuipanga.

"Najua," akasema Kamikazi. "Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango. Sauti yako niliijua."

Nikamuuliza, kama alijua, mbona amesafiri siku nzima. Akaweka kikombe chini.

"Nilishakusamehe zamani, Konstansia. Nilitaka na wewe ujue ulichosamehewa."

Hapo nililia. Si kama Jumapili. Pua ilitoka kamasi, sikuwa na kitambaa, nikajifuta kwa pazia nililokuwa nashona la mteja. Kamikazi alikuja akaketi karibu yangu. Sijui ni muda gani. Kwa muda huo, na naandika hili kwa sababu ni kweli, sikuwa na wasiwasi wa kitu chochote.

Amekataa kulala. Ana ndugu Remera, na kesho anarudi Kahama kwa basi la mapema, kanisani hatakuja. Mlangoni aliniomba jambo moja tu: nisimpeleke mbele ya watu. Alisema alishatangazwa mara moja maishani, inatosha.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilikwenda mapema, nikamkuta Mchungaji Arthur ofisini peke yake, nikamweleza yote. Redio, askofu, kalenda. Alinisikiliza. Hakuvua miwani. Mwishowe akaomba nami kwa sauti ya chini, akasema nitoe jina langu kwenye uchaguzi, na niwaambie washirika sentensi moja tu: kwamba ushuhuda wa wiki iliyopita haukuwa wa kweli na ninaomba radhi. Kisha niketi.

Nilifanya hivyo. Sentensi moja. Nimejitoa uchaguzini, nikaketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo. Hakuna aliyelia. Mtu mmoja alikohoa. Simu ya kurekodia ilikuwa imeisha chaji, kwa hiyo sentensi yangu haipo popote.

Christella amechaguliwa. Alikuja nyuma akanikumbatia, akasema ananielewa. Nikasema asante. Ngabo alinishika mkono hadi kwenye gari, jambo ambalo hajafanya tangu tuoane, na akasema leo anajivunia mimi. Nilifurahi kama robo saa.

Kisha nikaanza kufikiri. Katika kanisa lile hakuna mtu aliyewahi kujishusha kama nilivyojishusha mimi leo. Hakuna hata mmoja anayejua. Wanafikiri mimi ni mwanamke aliyedanganya kuhusu redio. Hawajui kina chake. Wakijua, watajengeka wangapi?

Kamikazi alikataza nisimpeleke yeye mbele ya watu. Hakukataza mwanamke mmoja wa Shinyanga, asiye na jina. Nimebadilisha pia redio iwe saa ya ukutani.

Kongamano la akina mama ni Desemba. Nimemtumia Mchungaji ujumbe wa kuomba dakika thelathini, somo: Unyenyekevu wa Kweli, Nilivyoupata Mimi. Hajajibu, zimepita saa tatu sasa. Ameusoma, alama zote mbili ni za buluu. Nina wasiwasi kwamba amempa nafasi hiyo Christella, ambaye, masikini, bado anadhani shida yake ni kiburi tu. Ni wachache tunaojaliwa kujiona tulivyo. Nitamwombea. Nitaanza leo, kwa sauti, kwenye kundi la akina mama.